Nyumba Yenye Magurudumu: Wazee Wanaofuata Misimu Marekani

Ukitoka Minneapolis kwa barabara kuu ya I-94 kuelekea kaskazini-magharibi, kwa saa mbili na zaidi utakuwa na maziwa na miti pande zote. Ukishapita Fergus Falls, nchi inalala. Ghala la nafaka lililo mbali unaliona kana kwamba liko shamba la jirani. Wenyeji wanapaita Bonde la Mto Red, ingawa bonde lenyewe hulioni. Zamani za barafu palikuwa na ziwa ambalo wataalamu wameliita Agassiz, kubwa kuliko Maziwa Makuu yote ya Amerika Kaskazini yakiwekwa pamoja. Lilipokauka liliacha udongo mweusi uliosawazishwa kama meza. Mto unaopita katikati, kati ya Minnesota na North Dakota, unakwenda kaskazini kama Nile, hadi Kanada.

Huku ndiko inakotoka sehemu kubwa ya sukari ya Marekani. Sisi tuliokulia karibu na Mtibwa na Kilombero tunajua sukari ni miwa, lakini zaidi ya nusu ya sukari inayozalishwa nchi hii hutokana na viazisukari: mizizi mieupe, minene, mingine mizito kama kichwa cha mtoto. Wakulima wa bonde hili wana ushirika wao, American Crystal Sugar, walioununua mwaka 1973, wenye viwanda Moorhead, Crookston, East Grand Forks, Hillsboro na Drayton.

Mavuno makubwa huanza tarehe 1 Oktoba na huchukua kama wiki mbili, hali ya hewa ikiruhusu. Yakianza hayalali, usiku na mchana. Joto likizidi kazi inasimamishwa, maana viazi vya moto huoza vikirundikwa. Mvua ikizidi inasimamishwa pia, kwa sababu malori yanazama. Viazi hurundikwa nje, malundo marefu kama matuta ya reli, kisha baridi inavigandisha na viwanda vinavisaga taratibu kwa miezi. Kwa wiki hizo mbili wanahitajika watu wengi kwa mpigo kuliko walioko katika miji hii midogo. Ndipo zinapoanza kuingia trela.

Wengi wa wenye trela hizo ni wastaafu. Wanaishi ndani ya nyumba zenye magurudumu mwaka mzima, na wanafuata kazi za msimu jimbo hadi jimbo. Mwaka 2017 Jessica Bruder aliandika kitabu kuhusu watu wa namna hii, Nomadland, na filamu iliyotokana nacho ilishinda Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Mimi sikuwajua kwa filamu. Niliwajua kwa sababu wawili kati yao walikuwa majirani zetu kwa miaka sita.

Mzee na Mama

Yeye ana miaka 69, alikuwa fundi wa mabasi ya shule. Mkewe ana miaka 66, alikuwa mpishi wa jikoni ya shule hizo hizo. Ndio waliowafundisha wanangu kuendesha baiskeli, na wakati wa zamu zangu za usiku mara nyingi ndio waliowapokea watoto kituoni. Walitaka niwaite kwa majina yao ya kwanza. Ulimi wa mtoto wa Morogoro ulikataa. Nikawaambia kwetu mtu wa umri wao ni Mzee, na mkewe ni Mama. Wakacheka, na majina yakabaki.

Miaka mitatu iliyopita waliuza nyumba. Mtaani kwetu sisi wahamiaji tulishtuka kuliko Wamarekani. Shoga yangu mmoja kutoka Mombasa alisema, “Hawa wana watoto watatu wazima, na wanakwenda kulala ndani ya gari?” Kila mtu alikuwa na jibu lake: watoto wabaya, wazee wakaidi, nchi isiyo na huruma. Oktoba iliyopita nilichukua siku nne za likizo, nikaendesha zaidi ya saa tano hadi karibu na Drayton, mji mdogo wa North Dakota unaojisifu kwa kambare wake, nikaone mwenyewe.

Trela yao ina urefu wa futi 26. Unaingia kwa ngazi mbili za chuma. Upande mmoja kuna kitanda, upande wa pili meza inayogeuzwa kitanda cha mgeni, na katikati jiko dogo la gesi, sinki na friji. Choo ni chembamba kiasi kwamba ukikaa magoti yanagusa mlango. Mpira wa maji umezungushiwa waya wa umeme unaopasha joto ili maji yasigande usiku. Mahali pa kuegesha, umeme na maji vinalipiwa na mwajiri muda wote wa mavuno, na kwao hilo ni sehemu ya mshahara. Katika nyumba nzima ya zamani Mama alibakiza sufuria mbili, cherehani na albamu moja ya picha. Vingine waligawana watoto na majirani. Meza ya jikoni kwangu ilikuwa yao.

Walikuwa zamu ya usiku, saa 2 usiku hadi saa 2 asubuhi. Mgeni haruhusiwi kusogelea mashine, kwa hiyo nilikaa ndani ya gari nje ya uzio nikatazama. Malori yalikuwa foleni, taa hadi upeo wa macho. Lori linapanda kwenye mashine, linamwaga viazi, mkanda unavipeleka juu ya lundo, udongo uliopukutika unarudishwa lorini likapimwe tena. Mzee alikuwa na kofia ngumu na kizibao cha kung’aa, akiwaelekeza madereva kwa tochi. Mama alikinga mifuko ya sampuli, ile inayopelekwa kupimwa sukari na uchafu. Upepo wa nchi ile haukutani na kitu cha kuuzuia. Saa 10 alfajiri, wakati ambao sisi wa wodini tunajua mwili unaomba kulala kuliko wakati mwingine wowote, nilimwona Mama akiruka-ruka mahali pamoja ili apate joto.

Asubuhi niliwapikia uji wa ulezi na chai ya tangawizi. Mzee alivua buti, akaweka miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Nikamuuliza swali ambalo mtaa mzima ulikuwa ukijiuliza.

“Watu wanataka kujua kama tulikimbia au tulifukuzwa,” alisema. “Yote mawili.”

Kabla ya mabasi ya shule alikuwa fundi katika karakana iliyofungwa mwaka 2009, uchumi ulipoanguka. Walikula akiba ya uzeeni kwa miaka miwili ili benki isichukue nyumba. Halafu Mama akaugua saratani ya titi akiwa na miaka 58. Bima alikuwa nayo, lakini sehemu waliyotakiwa kulipa wenyewe ilimaliza kilichobaki. Walipostaafu, pensheni ya serikali iliweza kulipia kodi ya jengo, bima ya nyumba na gesi ya kupasha joto, au iliweza kulipia chakula, dawa na gari. Haikuweza yote. Hiyo ndiyo sehemu ya kufukuzwa.

Sehemu ya kukimbia aliisema Mama. Alifanya kazi ndani ya jikoni lisilo na dirisha miaka 27. Baada ya saratani alisema hataki tena kuishi akitazama ukuta mmoja. Mei wanarudi Minnesota kuonana na madaktari wao na wajukuu. Juni hadi Septemba wanasimamia kambi ya wageni ndani ya Msitu wa Superior: kupokea watu, kusafisha vyoo, kuuza kuni, na malipo ni nafasi ya kuegesha na ujira mdogo. Oktoba ni viazi. Novemba wanashuka kusini kabla theluji haijafunga barabara. “Nimeona mwezi ukitoka juu ya maji,” Mama aliniambia, “na nilikuwa nalipwa.”

Manamba wa zamani na wa leo

Babu yangu mzaa mama alikuwa manamba kwenye mashamba ya katani ya Kilosa. Alitoka Kigoma kwa sababu kodi ya kichwa ilitaka fedha taslimu. Akapewa namba, akapewa kipande, na siku 30 za kazi zikatiwa alama moja moja kabla hajaona mshahara. Hata Bonde la Mto Red lina manamba wake wa zamani: kabla ya mashine na dawa za magugu, palizi ya viazi hivi ilifanywa na familia za Wameksiko kutoka Texas, wazazi na watoto wakiinama mstari mmoja.

Nilipokuwa nawatazama Mzee na Mama nilimfikiria babu, na tofauti moja ilinisumbua. Manamba alikuwa na kijiji nyuma yake. Hata akidhulumiwa shambani, alijua kuna ndugu anayetunza mihogo yake na mahali atakapozikwa. Wazee wa trela wana tangi la maji la galoni 40 na anwani ya posta. Mzee ana faida ambayo babu hakuwa nayo: hakuna mnyapara anayeweza kumzuia kuwasha gari na kuondoka. Lakini akiondoka, anakwenda wapi?

Jangwani

Nilitaka kuona upande wa pili wa mwaka wao. Februari nilikwenda Phoenix kumsaidia mdogo wangu aliyejifungua, nikaiba siku mbili kwenda Quartzsite, saa mbili kwa gari magharibi ya Phoenix, karibu na Mto Colorado.

Sensa ya 2020 iliwakuta watu 2,413 tu mjini humo. Majira ya baridi wageni wanafurika hadi jangwa zima linang’aa kwa mapaa ya trela. Kusini mwa mji kuna eneo la serikali liitwalo La Posa, ambako kibali cha kukaa kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili kilikuwa dola 180 kwa miaka mingi. Kwa kibali hicho unapata mahali pa kuchota maji, kumwaga maji machafu na kutupa taka. Umeme ni wa jua, na kivuli unakuja nacho mwenyewe.

Kwenye makaburi ya mji kuna piramidi ndogo ya mawe yenye umbo la ngamia juu yake. Hapo amelala Hadji Ali, mzaliwa wa dola ya Uthmaniya, aliyeletwa Marekani mwaka 1856 pamoja na ngamia ambao jeshi lilitaka kuwajaribu jangwani. Wamarekani hawakuweza kulitamka jina lake, wakamwita Hi Jolly, na ndivyo kaburi linavyosema. Jaribio la ngamia likaachwa. Yeye akabaki, akafa hapa mwaka 1902. Sisi ambao majina yetu hubadilishwa kila tufikapo mapokezi tunamwelewa.

Wazee wa La Posa wana utaratibu wao. Kila mmoja anajua pazia la jirani hufunguliwa saa ngapi. Ikifika saa 4 asubuhi halijafunguliwa, mtu anakwenda kubisha. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, ni hodi tu, kama ya kwetu. Mama ana nafasi ya cherehani chini ya turubai, anashona suruali za watu. Jioni wanakaa duara na viti vya kukunja, wakipeana habari za kazi: shamba gani linalipa vizuri, mwajiri gani hana subira na wazee.

Niliona pia lisilopendeza, na sitaki kulificha. Trela ya nne kutoka kwa Mzee aliishi mwanamume peke yake ndani ya gari dogo. Mama aliniomba nimtazame. Miguu ilikuwa imevimba hadi magotini, alilala ameketi, na akisema sentensi mbili anatweta. Nilimweleza nilichokuwa nakiona, na kwamba moyo hausubiri. Akaniambia anajua. Anachoogopa ni kulazwa: gari likikaa bila mtu litavutwa, na gari ndilo nyumba. Mzee akachukua ufunguo, akamwambia atalilinda mpaka arudi, na jirani mwingine akampeleka hospitali. Nilipoondoka kesho yake alikuwa bado amelazwa, na gari lilikuwa limeegeshwa ubavuni mwa trela ya Mzee.

Kilichoandikwa mlangoni mwa kabati

Jioni ile nilimuuliza Mama kile ambacho muuguzi hawezi kuacha kuuliza: siku mwili utakapokataa, itakuwaje?

Akafungua mlango wa kabati la vikombe. Kwa ndani palikuwa na karatasi, maandishi ya mkono, iliyotiwa saini na wote wawili. Ilisema watasimamisha magurudumu yakitokea mojawapo ya mambo matatu. La kwanza, ikiwa mmoja hawezi tena kuendesha na mwingine hawezi kurudisha trela kinyumenyume. La pili, ikiwa mmoja wao hawezi kupanda ngazi mbili za mlangoni bila kushikwa. La tatu, ikiwa mmoja wao ataacha gesi wazi mara mbili. Chini yake waliandika wataenda wapi: kwa binti yao wa kati, ambaye ameshachimba bomba la maji na kuvuta umeme kando ya gereji yake ili trela iegeshwe hapo. Ikishindikana, kuna kituo cha Livingston, Texas, kilichoanzishwa na klabu ya wenye trela iitwayo Escapees, ambako mzee huishi ndani ya trela yake na kupata msaada wa chakula na uangalizi wa mchana. Watoto wote watatu wana nakala.

“Tuliwaita siku ya Shukrani,” Mama alisema. “Walilia. Halafu binti akauliza bomba liwe la inchi ngapi.”

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa tukiwajadili vibaya mtaani. Tulisema watoto wamewatupa. Kumbe familia hii imezungumza juu ya uzee kwa uwazi ambao sijauona katika familia yoyote ya kwetu hapa ughaibuni, nikiwemo mimi na mume wangu. Sisi tuna sentensi moja: “Tukistaafu tutarudi nyumbani.” Ikishatamkwa, mazungumzo yamekwisha, na watu wanarudi kuangalia picha za msingi wa nyumba ya Kibaha au Kitengela.

Hesabu yetu wenyewe

Sisemi kurudi ni kosa. Nasema kurudi kuna hesabu, na kwa walioko Marekani baadhi ya namba zake zinajulikana leo.

Ili kupata pensheni ya serikali, ile ya Social Security, unahitaji pointi 40, na kwa mwaka huwezi kupata zaidi ya nne. Yaani miaka 10 ya kazi iliyokatwa kodi. Kazi ya kulea wazee majumbani inayolipwa mkononi haihesabiki. Kiasi utakachopata hukokotolewa kwa miaka 35 uliyopata kipato kikubwa zaidi. Aliyefika na miaka 38 atajaziwa sifuri kwenye miaka inayokosekana. Ukianza kuchukua na miaka 62 unakatwa maisha yako yote. Aliyezaliwa 1960 au baadaye hupata kamili akiwa na miaka 67.

Bima ya wazee, Medicare, huanza na miaka 65. Mzee na Mama wanayo ile ya asili inayokubalika jimbo lolote. Mipango mingi ya kampuni binafsi hukufunga na madaktari wa eneo moja, na kwa mtu wa trela hilo ni jambo kubwa. Kwetu sisi kuna kubwa zaidi: kwa kawaida Medicare hailipi matibabu nje ya Marekani. Mtu anaweza kurudi Tanga na pensheni nzuri ya dola, na figo zikafeli bila bima inayomfuata. Kama muuguzi nimewaona wazee wetu wanaopanda ndege kila miezi mitatu kwa ajili ya dawa, na nimemwona mmoja aliyechelewa ndege hiyo.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji, hasa mlio kwenye miaka thelathini na arobaini kama mimi: fungueni akaunti zenu kwenye tovuti ya Social Security mtazame kama kila mwaka mliofanya kazi umeandikwa. Walio Uingereza, Oman au kwingineko waulize sheria ya kwao, maana kila nchi ina yake. Halafu mketi chini na wenzi wenu mwandike mambo matatu, kama Mama alivyofanya: dalili zipi zitatuambia imetosha, tutaishi wapi siku hiyo, na nani ameshakubali kwa mdomo wake mwenyewe. Mdogo wako aliyeko Dodoma hajakubali mpaka umwulize. Mwanao aliyezaliwa hapa Minnesota naye hajakubali, hata kama anakupenda.

Mimi na mume wangu tulianza Jumapili moja ya Machi, kwenye ile meza tuliyoachiwa na Mzee. Tulifika jambo la kwanza tu, tukakosana kuhusu la pili, na karatasi bado iko kwenye friji na sumaku. Wanangu wameisoma. Mkubwa, ana miaka 13, ameuliza kama bibi yake wa Morogoro naye ana karatasi. Hatukuwa tumefikiria hilo. Wiki ijayo tutampigia.